Benzi ya Patron

Hongera, papa, kwa Mercedes yako ya S-Class. Mulungwishi nzima imeiona; kwa mwendo wake, hakuna aliyekosa nafasi. Muuzaji wa Lubumbashi alikuapia: «Papa, hii motoka iko muzuri, ilikuwa ya patron mumoja tu.» Kwa nini patron aliiachilia, hukuuliza. Ungeonekana huna hela.

Hiyo ni W220, toleo lililoanza kuuzwa mwaka 1998. Haikai juu ya springi za chuma kama magari ya watu wa kawaida; inakaa juu ya mifuko ya hewa. Mfuko ukitoboka, kompresa inahangaika kujaza upepo usiojaa, mpaka nayo inaungua. Usiku bwana analala, Benzi nayo inalala, tumbo chini. Asubuhi wanafunzi wa theolojia wa Chuo Kikuu cha Methodisti wanapita polepole, wasije wakakatiza sala.

Kwenye njia ya Likasi, malori ya shaba yanakupita yakipiga honi, na vumbi lao unalimeza bure. Lakini haki itendeke: viti ni vya ngozi halisi, na mtu anayesubiri fundi kutwa nzima anahitaji pa kukaa.