Unafiki wa Gilasi: Jaribio la Kuviainisha Vinywaji vya Kupro

Waliotutangulia waliviainisha vinywaji vya kisiwa cha Kupro kwa asilimia ya kileo, na hapo ndipo walipopotea. Asilimia humfaa mtoza ushuru. Mtalii aliyeshuka Larnaca na kofia yake mpya anahitaji kujua jambo jingine kabisa: kilichomo kwenye gilasi kinajifanya nini? Tunapendekeza basi kipimo kimoja, Daraja la Unafiki, kuanzia sifuri hadi tatu.

Daraja la tatu linaongozwa na Brandy Sour: brandi ya kienyeji, maji matamu ya limau, matone machache ya bitazi, soda na barafu, vyote katika gilasi ndefu. Husimuliwa kwamba kilibuniwa huko Platres, milimani Troodos, kwa ajili ya Mfalme Farouk wa Misri, ambaye hakupenda kuonekana akinywa kileo, kwa hiyo kikapewa sura ya chai baridi. Iwe kweli au porojo ya mahotelini, chai hiyo bado inafanya kazi yake. Mtalii huinywa ya kwanza kwa kiu, ya pili kwa adabu, na ya tatu akijiuliza nani ameisogeza meza.

Humo humo imo zivania, inayojifanya maji. Hukenekwa kutokana na makapi ya zabibu na mvinyo, hufikia asilimia 45 hivi, kisha huwekwa kwenye friza ili baridi ifiche moto. Ni gongo iliyosomeshwa Ulaya na kurudi na vyeti. Wazee huitumia pia kuchulia viungo vinavyouma, jambo linalozua swali ambalo nadharia yetu haijalimudu: je, chupa iwekwe kabatini au kwenye sanduku la dawa?

Daraja la pili lina mkazi mmoja, naye anastahili kuamkiwa. Commandaria hujifanya shira ya kanisani, tamu, nzito, rangi ya kaharabu. Zabibu za Mavro na Xynisteri huanikwa juani mpaka zinyauke, sukari ijikusanye, ndipo zikamuliwe. Mvinyo wake hukaa kwenye mapipa ya mwaloni miaka 2 au zaidi. Vijiji 14 tu, kwenye miteremko ya kusini ya Troodos, ndivyo vyenye haki ya kuutengeneza. Jina limetokana na milki ya watawa wapiganaji wa shirika la Hospitali, waliokuwa na ngome yao Kolossi. Sifa zake za kisiasa ni nzito kuliko sukari yake. Mwaka 1191 Richard wa Uingereza alifunga ndoa Limassol, na wenyeji hawakubali kwamba harusi ile ilinywewa kitu kingine. Karne iliyofuata, Henri d'Andeli alitunga utenzi wa Kifaransa ambamo mfalme anashindanisha mivinyo, na wa Kupro ukatawazwa kuwa papa. Uvamizi wa Waosmani wa mwaka 1570 nao husingiziwa kiu ya Sultani Selim wa Pili. Wanahistoria makini hutaja njia za biashara na maharamia. Sisi tunaona hoja ya kiu ina ladha zaidi.

Daraja la kwanza tulipite haraka. Airani inajifanya maziwa, kumbe ni mtindi wenye chumvi na mnanaa. Hasara pekee ni sura ya mnywaji anayetarajia sukari. Sharubati ya waridi za kijiji cha Agros hunukia kama chumba cha bi harusi. Soumada, ya lozi, haijamdhuru mtu.

Daraja la sifuri ni la kahawa, isiyojifanya kitu. Huulizwa mapema unataka sukari kiasi gani, kwa kuwa huchemshwa pamoja nayo kwenye kibirika kidogo cha mkono mrefu. Kusini mwa mstari uliokigawa kisiwa tangu 1974 utajibu sketo, metrio au glyko. Kaskazini sade, orta au şekerli. Ngazi ni zile zile tatu. Tangu vivuko vifunguliwe mwaka 2003, mtafiti anaweza kulithibitisha hilo Nicosia kwa miguu, mradi asiwe na haja ya usingizi.

Hata hivyo, kitako cha kikombe bado kina kesi ya kujibu. Ni machicha matupu, na mgeni anayemalizia kwa funda kubwa hutoka na meno meusi. Wenyeji hukiacha, wakakipindua kikombe kwenye kisosi, wakamwita bibi anayejua kusoma bahati. Fani yake ina madaraja yake, na bibi hajibu maswali ya watafiti.