Huku Kwetu Hakuna Baridi, Toa Tu

Sisi watu wa Busia hatupendi lango. Mji wetu ni mmoja lakini mpaka umeupasua katikati, nusu Kenya, nusu Uganda, na tangu utotoni tumejua kwamba lango likifungwa si la kusubiriwa, ni la kuzungukwa. Ndiyo maana njia za panya kwetu hazihesabiki. Hata boda boda zilizaliwa hapa hapa, enzi za baiskeli, vijana wakibeba abiria na mizigo kati ya kituo kimoja cha forodha na kingine. Mwaka 2018 Rais Uhuru Kenyatta na Rais Yoweri Museveni walikuja kuzindua kituo cha pamoja, ili msafiri akaguliwe mara moja tu, kule anakoingia. Nenda jioni ukajionee wanaopita kando na magunia ya mahindi. Lango limerahisishwa, mtu bado anazunguka. Ni mazoea.

Mazoea hayo sasa yameingia chini ya boneti.

Nasema juu ya thamostati. Hilo nalo ni lango, la maji ya injini. Ni kidude cha kuenea kiganjani, chenye springi na kikombe kidogo cha shaba kilichojazwa nta. Injini ikiwa baridi, nta imeganda, lango limefungwa, na maji yanazunguka ndani ya injini bila kufika kwenye rejeta. Yakifika digrii 82 hivi, nta inayeyuka, inatanuka, inasukuma kipini, lango linafunguka na maji yanakwenda kupozwa. Hakuna waya, hakuna kompyuta, hakuna mtu wa kubembelezwa. Hii ya nta aliibuni Sergius Vernet miaka ya 1930, na hadi leo kazi yake ni ile ile. Ni lango pekee mpakani hapa linalofunguka kwa wakati wake bila kuulizwa, na ndilo mafundi wetu wameamua kuling'oa.

Gari langu ni Vitz, nililolinunua kwa mwalimu aliyekuwa anahamishwa. Vitz haina mshale wa joto. Ina taa ya buluu inayowaka maji yakiwa baridi, na nyekundu ya kukuambia uanze kusali. Kwa kuwa ukweni kwangu ni Tororo, mara nyingi napitia Alupe na Adungosi hadi Malaba, nimebeba bima ya COMESA, ile kadi ya njano, na subira. Taa ya buluu ilikuwa inanisindikiza njia nzima. Tukikwama nyuma ya matrela ya Malaba inazimika. Barabara ikifunguka, upepo ukipiga rejeta, inawaka tena. Naliona jabali la Tororo kwa mbali, injini bado inadhani tumetoka nyumbani sasa hivi. Petroli nayo ilikuwa inakwenda kwa kasi ambayo Vitz haina.

Nikampelekea fundi. Akachungulia, akacheka.

"Mzee, hapa hakuna thamostati. Ilitolewa zamani."

"Kwa nini ilitolewa?"

"Huku kwetu hakuna baridi. Hiyo ni mambo ya Japani, kule kuna theluji. Huku unatoa tu."

Huku unatoa tu! Sentensi hii nimeisikia pande zote mbili za mpaka, kwa mafundi wasiofahamiana, wasioelewana lugha, hata noti za mfukoni mwao hazifanani. Wameafikiana juu ya hili pekee.

Ningependa aliyeianzisha anifanyie hesabu. Injini inataka kufanya kazi kwenye digrii 80 hadi 95 hivi. Adhuhuri ya Tororo, jua likiwaka mpaka mbuzi wanatafuta ukuta, tunafika digrii 30 na kitu. Bado kuna pengo la digrii 50. Kwa injini, Tororo ni baridi na Tokyo ni baridi, tofauti ni kwamba Tokyo imezidi. Ukiyaachia maji yakimbilie rejeta tangu ufunguo unapozungushwa, injini haipati joto lake. Kompyuta ya gari inaona gari ndio kwanza limeamka, inaongeza petroli. Oili haipati moto wa kuufukuza unyevu, na oili yenye maji hailindi chuma. Unaokoa kidude cha elfu moja na kitu, unaiua injini polepole na unalipia petroli ya mazishi.

Kinachonichosha zaidi ni kwamba wengi wanaitoa eti gari lisichemshe. Rejeta imejaa kutu na chumvi ya maji ya kisima, feni haizunguki, mfuniko wa rejeta umelegea, lakini anayefukuzwa kazi ni thamostati. Tena kuna injini ambazo thamostati yake ina sahani ya pili chini, ambayo kazi yake ni kuziba njia ya mkato lango kuu linapofunguka. Itoe hiyo, na njia ya mkato inabaki wazi saa zote. Sehemu ya maji haiendi tena kwenye rejeta, inazunguka na moto wake ndani kwa ndani, na kwenye mlima gari linachemsha kuliko jana. Umeng'oa lango, umebakiza njia ya panya. Halafu fundi anakuuliza kama umewahi kufikiria kununua injini nyingine.

Pembeni mwa gereji ya fundi wangu palikuwa na kopo la rangi limejaa thamostati. Nikauliza kama naweza kuchagua moja.

"Hizo zote mbovu, mzee."

"Umezipima?"

"Si zilitoka kwa gari zilizochemsha?"

Yaani ushahidi wa ubaya wake ni kwamba aliitoa. Nikamwomba chache, akanipa bure, na huruma juu.

Mpya nilikwenda kuitafuta, na hapo mpaka ukaniingiza kwenye hesabu nyingine. Kenya hairuhusu kuingiza gari la mtumba lililozidi miaka 8. Uganda, tangu 2018, kikomo ni miaka 15. Kwa hiyo mwenye gari kuukuu huambiwa avuke, ng'ambo ndiko spea zake ziliko. Dukani upande wa Kenya nikaambiwa 1,500, ila iliyopo ni ya Premio, "lakini itaingia tu, kastoma." Kuingia ingeingia, hata kijiko kinaingia. Upande wa Uganda nikaambiwa 40,000, moyo ukaruka, mpaka nilipokumbuka kugawanya kwa 28 hivi. "Ssebo, hii ndiyo yenyewe," akasema, na safari hii kweli ilikuwa yenyewe, na pete yake ya mpira ikiwa imezunguka ukingo. Nilichookoa kwenye bei nikamwachia mbadilisha pesa na boda.

Kabla ya kufunga kitu chochote kilichouzwa mpakani, pima. Nikabandika sufuria ya maji jikoni, nikazining'iniza thamostati zote kwa uzi, ile mpya na wafungwa wa kopo, zisiguse chini. Jirani anayeuza maziwa mala aliniazima kipimajoto chake. Mama watoto akaja akasimama mlangoni.

"Baba watoto, hiyo ni sufuria ya chai ya wageni."

"Nitaiosha."

"Hivyo vidude vimetoka kwenye maji ya gari. Kwa hiyo sasa hiyo ni sufuria yako, na wageni watakunywa chai ya kwenye nyingine utakayonunua."

Hapo hakuna wa kubishana naye, maana kulanti ni sumu kweli kweli. Nikarudi kwenye sufuria yangu. Huku kwetu, mita 1,200 hivi juu ya usawa wa bahari, maji huchemka kwenye digrii 96 hivi, kwa hiyo nafasi ya kutazama ipo. Kwenye digrii 80 kimya. Kwenye 82 ile mpya ikaanza kuchungulia, mwanya mwembamba wa kupitisha ukucha. Maji yalipotokota ilikuwa wazi karibu sentimita nzima. Na wale wafungwa? Isipokuwa moja iliyokataa katakata, wote walifunguka. Nikawatoa kwenye maji, springi zikarudi, tik, tik, tik, zikajifunga zenyewe. Walifungwa miaka bila kosa.

Kufunga nilifungia nyumbani, kwa sababu kuna vitu huwezi kumwachia mtu asiyeviamini. Tatizo la kufanya kazi ya gari uani kwako ni kamati. Ukifungua boneti tu, kamati imeshakaa. Vijana wa boda wakaegesha pikipiki. Mpita njia akaweka kuku wake chini. Mzee wa nyumba ya pili, aliyekuwa akifanya kazi kwenye gari moshi la Tororo enzi za Reli ya Afrika Mashariki, akaletewa kiti.

Injini ilikuwa imelala usiku kucha, maana mfuniko wa rejeta ukifunguliwa moto hukuacha na sura nyingine. Nikamwaga kulanti kwenye beseni na kumwomba mwenye kuku amwondoe kuku wake, kwa kuwa maji yale ni matamu na huua. Thamostati ya Vitz hii imejificha nyuma ya alteneta, mahali ambapo mkono unaingia na ngozi inabaki. Nati ni mbili, soketi namba 10. Kifuniko kikatoka, ndani patupu. Nikasafisha ukingo kwa kitambaa, nikaipachika mpya na kile kipini kidogo kinachochezacheza kikitazama juu, maana ndicho tundu la hewa kupitia.

"Geuza, kiangalie chini," akasema boda wa kwanza.

"Weka silikoni nyingi," akasema wa pili.

"Kaza mpaka ilie," akasema mwenye kuku.

Watu husema penye wengi hapaharibiki neno. Neno haliharibiki, lakini uzi wa nati unaharibika. Nati zile zinataka nguvu ya kifundo cha mkono tu, na pete ya mpira ikiwa nzima haihitaji silikoni. Mzee wa reli peke yake ndiye aliyesema la maana: "Mwanangu, injini baridi hula sana. Sisi tulilijua hilo kazini."

Nikajaza kulanti, nikaacha mfuniko wazi, nikawasha injini ili mapovu yatoke. Kisha nikawasha hita hadi mwisho, kwa sababu hewa hupenda kujificha kwenye mabomba yake. Hita, saa saba mchana, Busia. Kamati ikatazamana. Kijana mmoja akawasha pikipiki yake taratibu akaondoka, nadhani kwenda kuwapasha habari ndugu zangu.

Safari iliyofuata, taa ya buluu ilizimika hata Alupe hatujafika, na haikuwaka tena hadi ukweni. Nikamwita shemeji aje aone. Akainama, akatazama dashibodi kwa muda.

"Shemeji, balbu imeungua."

Nikamweleza yote, nta, digrii 82, rejeta, sufuria ya wageni. Akanisikiliza kwa adabu anayostahili mtu aliyemwoa dada yako, kisha akasema ningemwuliza mapema angenishauri nisihangaike, huku hakuna baridi.

Najua siku moja nitalipeleka gari kubadilishwa oili na nitakuta lango langu liko koponi. Kwa hiyo nimebandika karatasi ndani ya boneti: THAMOSTATI IPO. IMEWEKWA MAKUSUDI. USIITOE. Shemeji, kwa ubishi wake wote, akanisaidia kuiandika pia kwa Kidhopadhola na Kiteso, asije fundi akasingizia lugha. Fundi wa mwisho aliyefungua boneti aliisoma yote, mstari kwa mstari, akaniambia nisiwe na wasiwasi, hataigusa. Kisha akaniuliza kama ile feni ya rejeta bado ninaihitaji.