Sifa za Muhuri wa Mwenyekiti

Kampala imejaa vitu vinavyosifiwa. Watu husifu vilima vyake, husifu rolex, zile chapati za mayai za kandokando ya barabara, husifu Makerere, na hata foleni za magari zimepata watetezi. Muhuri wa mwenyekiti wa LC1, baraza la kijiji au zoni lililo ngazi ya chini kabisa ya serikali za mitaa Uganda, haujapata hata shairi moja ninalolijua, na hiyo ni dhuluma. Kipande kile cha mpira chenye jina la zoni, parishi na divisheni hukaa kwenye droo, au mfukoni mwa koti la mwenyekiti, au kwenye mkoba wa mkewe, mwenyekiti akiwa safarini, pamoja na pedi ya wino iliyokauka kiasi cha kuhitaji matone ya maji kabla ya kazi kuanza. Hata hivyo muhuri huo ndio unaoamua ni nani katika mji huu ataitwa mkazi, nani ataitwa maskini, na nani hataitwa chochote. Fedha za mtaji hutengwa kwa mabilioni na Wizara ya Fedha, hutangazwa viwanjani na rais, hupita kwenye mifumo ya benki na simu. Zikishakaribia mkono wa mama anayeuza nyanya Bwaise husimama na kuuliza: muhuri uko wapi?

Fadhila zake ndogo ndogo hazihitaji maneno mengi. Hautumii umeme, hauna neno la siri la kusahau, na mtandao ukikatika wenyewe haujui. Unafundisha subira, kwa kuwa mwenyekiti huwa na shughuli zake, na leo yuko msibani. Unakuza adabu ya ujirani kuliko mahubiri yoyote: wale ambao kwenye uchaguzi wa mwenyekiti mwaka 2018 walijipanga nyuma ya mgombea mwingine, mchana kweupe, kijiji kizima kikiwatazama, sasa humwamkia mwenyekiti kwa heshima isiyo na kifani. Wapo wanaodai kwamba muhuri kama huo unachongwa Nasser Road, barabara ya wachapishaji, kabla chai haijapoa. Ni kweli, lakini hiyo nayo ni sifa. Hakuna anayehangaika kughushi kitu kisicho na thamani.

Fadhila yake kuu, inayostahili kitabu kizima, ni kwamba haufi. Binadamu hufa. Pasipoti huisha baada ya miaka 10. Vitambulisho vya taifa vilivyoanza kutolewa mwaka 2014 viliandikwa tarehe ya mwisho, na tarehe hiyo ilipofika serikali ikalazimika kuanzisha zoezi zima la kuvihuisha Mei 2025. Muhuri wa LC1 umepita juu ya mambo haya yote. Ulizaliwa porini, enzi za vita vya Luwero, wakati wapiganaji wa NRA walipounda kamati za upinzani vijijini. Wapiganaji hao walipotwaa madaraka mwaka 1986 ukaingia mjini, na chini ya Katiba ya 1995 ukabadilishiwa jina kutoka RC, baraza la upinzani, kuwa LC, baraza la mtaa, bila kupoteza hata tone la wino. Mwaka 2001 wenyeviti walichaguliwa chini ya mfumo wa Movement, usio na vyama. Vyama viliporudi, mwananchi mmoja, Rubaramira Ruranga, alikwenda Mahakama ya Katiba, na mwaka 2007 mahakama ikakubaliana naye kwamba mabaraza ya vijiji na parishi yaliyopatikana kwa mfumo ule hayana nafasi katika utaratibu wa vyama vingi. Kisheria, muhuri ulifariki siku hiyo. Kazini uliripoti kesho yake asubuhi.

Kwa miaka 11 iliyofuata, marehemu alichapa kazi. Alithibitisha kwamba fulani yu hai na anakaa Kivulu. Alishuhudia mauzo ya viwanja. Wadhamini waliokwenda kumtolea ndugu yao dhamana waliendelea kuulizwa barua ya LC1 na mahakama, yaani mhimili ule ule uliokwisha kutangaza kwamba LC1 yenyewe haipo kisheria. Uchaguzi ulipofanyika hatimaye, Julai 2018, wenyeviti wapya walipewa miaka mitano. Miaka hiyo iliisha Julai 2023, muda ukaongezwa, kisha ukaongezwa tena, kama mgonjwa anayetundikiwa dripu nyingine kila ya kwanza inapoisha. Wanasheria huona aibu hapo, mimi naona ushahidi wa kimungu. Chombo kinachofanya kazi kwa ukamilifu uleule kikiwa halali, kikiwa batili na kikiwa katikati hakina haja ya sheria. Ningeshauri noti za Benki Kuu zigongwe muhuri huo ili thamani yake isishuke. Katiba nayo ingepelekwa kwa mwenyekiti wa zoni ambamo Bunge limejengwa. Haikugongwa muhuri wa LC1, na tazama yaliyoipata: mwaka 2005 ikaondolewa ukomo wa mihula ya rais, mwaka 2017 ikaondolewa ukomo wa umri wake. Barua ya mwenyekiti haijawahi kufanyiwa mzaha wa namna hiyo.

Watu wa teknolojia watasema wakati wa muhuri umepita. Kuna namba ya utambulisho wa taifa, kuna mfumo wa taarifa za kaya, kuna pochi ya simu iitwayo Wendi ambayo kupitia kwake fedha za PDM, mpango wa serikali wa maendeleo ya parishi, humfikia mlengwa moja kwa moja. Hoja ni nzuri mpaka uchunguze hiyo namba imetoka wapi. Anayejiandikisha kwa mara ya kwanza hutakiwa kwanza mwenyekiti amtambue kwenye fomu. Kompyuta basi inamjua mwananchi kwa kuwa muhuri ulimjua kwanza, na kinachoitwa mfumo wa kidijitali ni pedi ya wino iliyounganishwa na umeme.

Hoja ya pili ni nzito zaidi, na inatoka kwa wanaoutetea muhuri kwa dhati. Wanasema ofisa aliyeko wizarani hawezi kujua nani katika Kisenyi ni mjane kweli na nani amekuja jana kutoka mtaa wa pili akiwa amesikia kuna fedha. Mwenyekiti anajua. Anajua nani analala njaa, nani ana nyumba tatu za kupangisha, nani alichukua mkopo wa kikundi akatorokea wilaya nyingine. Nakubali, na ninakubali bila utani. Ujuzi huo hauna mbadala. Ndiyo maana inafaa kutazama jinsi unavyolipwa: kwa miaka mingi posho ya mwenyekiti wa LC1 imekuwa shilingi 120,000, na hizo ni za mwaka, si za mwezi. Elfu kumi kila mwezi, kwa mtu anayeamshwa usiku kusuluhisha ndoa, anayezika, anayeandika barua na kununua karatasi kwa fedha yake. Mwaka 2011 serikali iliwaahidi baiskeli 70,000 wenyeviti wa vijiji na parishi, kampuni moja ya India ikalipwa takriban dola milioni 1.7, na baiskeli hazikufika. Halafu tunashangaa kusikia kwamba barua ni elfu tano, elfu kumi, au zaidi kulingana na sura ya mwombaji, na kwamba kwenye mauzo ya kiwanja huhesabiwa asilimia.

Anayebeba gharama hiyo ni mwombaji. Mama anakopa elfu kumi kwa jirani ili athibitishe kwa maandishi kwamba hana kitu. Akikosa elfu kumi, maana yake ni maskini kupita kiwango cha umaskini kinachotambulika, na jina lake linabaki nje ya orodha. Mwaka 2021, wakati wa karantini, Waziri Mkuu Robinah Nabbanja alipogawa shilingi 100,000 kwa watu wa mijini waliopoteza riziki, majina yalikusanywa mitaani kwa njia hii hii, na malalamiko yakawa yale yale: walioandikwa si waliokuwa na njaa. Serikali ikalaumu viongozi wa mitaa. Serikali ambayo kwa makusudi inamlipa mlinzi wa mlango elfu kumi kwa mwezi haina haki ya kushangaa mlango ukigeuka duka. Hii si bahati mbaya ya utawala, ni bajeti. Imeandikwa, imesomwa, imepitishwa, mwaka baada ya mwaka.

Lakini nilikuwa nasifu. Tuangalie basi mambo ambayo muhuri huombwa kuyathibitisha, kwani yanadai moyo mkubwa. Miaka ya tisini ulithibitisha walengwa wa mpango wa mikopo wa Entandikwa, ambao wengi wao hawakurudisha mikopo. Ukafuata mpango wa Bonna Bagaggawale, wa kuwatajirisha wote. Mwaka 2014 ukaja mfuko wa vijana, kwa vikundi vya watu 10 hadi 15, vingine vikidumu hadi siku ya kugawana fedha. Mwaka 2019 ikaja Emyooga, iliyowapanga watu kwa fani zao: waendesha boda boda, mafundi seremala, wachomeleaji, wasusi. Kila chama cha akiba na mikopo (SACCO) cha fani kilipangiwa shilingi milioni 30, isipokuwa fani moja iliyoonekana kuwa na uhitaji zaidi, ikapangiwa milioni 50. Fani hiyo ni ya viongozi wa kuchaguliwa. Msichana aliyemaliza miezi sita ya ushonaji katika kozi za bure zilizoanzishwa na Ikulu hapa Kampala mwaka 2017 ametoka na ujuzi. Cherehani itatoka kwenye kikundi, na kikundi kitatoka kwa mwenyekiti.

PDM yenyewe ilizinduliwa Kibuku, Februari 26, 2022: shilingi milioni 100 kwa kila parishi kwa mwaka, katika parishi zaidi ya 10,000, na milioni moja kwa kaya kwa riba ya asilimia 6. Iliwalenga wakulima wa kujikimu, wale wasiouza chochote sokoni. Kampala hakuna mtu asiyenunua na kuuza, lakini Kampala ina parishi, kwa hiyo fedha zilikuja, zikiwa bado na harufu ya shamba: kuku, nguruwe, uyoga. Mpangaji wa chumba kimoja Bwaise, ambaye mvua ikinyesha maji ya mtaro huingia hadi uvunguni mwa kitanda, angetamani mfuko wa saruji na lori la kifusi ainue sakafu. Mpango huo haujui sakafu. Unajua kuku. Basi mwenyekiti, ambaye anakijua chumba hicho na amekwisha kuona alama ya maji ukutani, analowesha muhuri na kuthibitisha kwamba mkazi huyu ni mfugaji.

Serikali ilipogawa vifaa vya kuezekea kwa kweli, tuliona jinsi maisha yalivyo mepesi pasipo muhuri. Mabati ya geji 28, yaliyopakwa rangi na kupigwa chapa ya Ofisi ya Waziri Mkuu, yalinunuliwa kwa ajili ya watu wa Karamoja, wakiwemo vijana walioacha bunduki. Mapema mwaka 2023 ikabainika kwamba shehena kubwa ilikuwa imegawiwa mawaziri na wabunge, na baadhi yao wakaanza kuyarudisha. Waziri wa Karamoja alikamatwa na kushtakiwa. Waziri mdogo wa wizara hiyo hiyo, Agnes Nandutu, alitiwa hatiani Aprili 2025 katika Mahakama ya Kupambana na Ufisadi kuhusu mabati 2,000, akahukumiwa kifungo cha miaka minne. Katika habari zote nilizosoma kuhusu kashfa ile, sikukuta popote kwamba mpokeaji yeyote aliambiwa alete barua ya utambulisho kutoka kwa mwenyekiti wa zoni yake. Hakuna aliyeulizwa anakaa wapi, ana wategemezi wangapi, paa lake lina matundu mangapi. Cheo kilitosha.

Atakayesema kwamba mawaziri hawahitaji kutambulishwa kwa kuwa wanajulikana, amegusa penyewe. Mwenyekiti wa LC1 naye alikuwa anamjua yule mama wa Bwaise tangu mwanzo, na bado alitakiwa aandike. Kama kujulikana kunatosha, kumtoshe na yeye. Kama hakutoshi, basi muhuri wa mtaani, ambao umeishi kuliko hukumu na vipindi vyote, upandishwe ngazi unayostahili. Wenyeviti walipwe mshahara unaoitwa mshahara, wachaguliwe wakati wao ukifika, na bati lolote, mbuzi yeyote au shilingi yoyote ya umma ipitie kwao kabla ya kumfikia mtu yeyote, awe kwenye mabanda ya Katanga au kwenye majumba ya Kololo. Mheshimiwa wa Kololo ana mwenyekiti wake wa zoni kama watu wengine. Aende na fomu, nakala ya kitambulisho na picha mbili za pasipoti, na awahi, kwa sababu kesho mwenyekiti ana msiba.