Mwongozo kwa Aliyeambiwa "Wewe Panda Tu"

Mwongozo huu ni wako wewe uliyesimama nje ya zahanati upande wa Kamanga, Sengerema, ng'ambo ya ghuba kutoka Mwanza mjini, dereva au mfanya usafi, ukaambiwa ghafla: "Wewe panda tu, umsindikize mgonjwa Hospitali ya Bugando." Nesi ni mmoja, na yuko leba na mama mwingine. Hongera. Umeshakuwa mhudumu wa dharura, na kozi imeisha kabla hujapata pa kukaa.

Kwanza, usiulize chochote. Anayeuliza mtungi wa oksijeni unafunguliwaje huonekana hajui, na huko kutojua ndiko tunakokuficha leo. Kabla gari halijafika kivukoni ndugu wa mgonjwa watakuwa wanakuita daktari. Itikia. Kwetu ukishika tu begi lenye msalaba mwekundu umehitimu.

Tuje kwenye mtungi wenyewe, maana hapo ndipo wengi hujiamini zaidi. Spana yake ilikuwa imefungwa kwa kamba shingoni mwa mtungi, lakini ilipotea siku nyingi. Tumia ya gari. Dereva ametoka kupima oili sasa hivi, vidole vinang'aa. Vidole hivyohivyo vishike koki. Oksijeni iliyoshindiliwa ikikutana na grisi huweza kuwaka bila kiberiti, na ninyi mko juu ya pantoni, mmebanwa kati ya basi na lori, milango haifunguki vizuri. Ukinusurika hapo, fungulia hadi mwisho, mgonjwa ashibe hewa. Mtungi mdogo wa lita 680 ukiachiwa lita 10 kwa dakika unakwisha kwa dakika 68. Humo umo muda wa barabarani, wa kusubiri kivuko, wa kupanga magari, wa kuvuka ghuba, na wa kupanda kilima cha Bugando. Hesabu hiyo usiifanye, waachie waliosoma. Wala usiufunge mtungi kwa mkanda. Gari likishuka pantoni upande wa mjini, utajiviringisha wenyewe hadi kwenye miguu ya mama mkwe.

Mgonjwa akiwa mtoto mchanga, mambo ni rahisi zaidi: ni mdogo, kwa hiyo kila kitu kifanye kwa nguvu. Chukua mfuko wa kupumulishia uliopo, ambao bila shaka ni wa mtu mzima, wa lita moja na nusu hivi. Pumzi moja ya mtoto wa kilo 3 ni kama mililita 20, yaani vijiko vinne vya chai. Wewe bonyeza wote. Mapafu yakipasuka hutayaona. Mrija wa kufyonza uchafu nao uzamishe kooni mpaka ugome; mapigo ya moyo ya mtoto yakishuka, sema ametulia.

Dhamiri ikikusumbua, iombee semina ya siku moja, yenye soda na cheti. Hapa sina budi kukubali kwamba watafiti wametuharibia biashara. Tanzania ilianza kufundisha wahudumu kumsaidia mtoto asiyepumua baada ya kuzaliwa, na hospitali 8 zilizofuatiliwa zikaona vifo vya watoto ndani ya saa 24 vikipungua kwa asilimia 47. Matokeo yalichapishwa mwaka 2013. Lakini mwaka huohuo, kutoka Hospitali ya Haydom mkoani Manyara, ikaripotiwa kwamba mafunzo ya siku moja yaliwafanya wahudumu wafanye vizuri kwenye mwanasesere, huku leba mambo yakibaki yaleyale. Kilichokuja kuleta nafuu ni mazoezi mafupi ya mara kwa mara, palepale kazini. Na hao walikuwa wakunga na manesi. Wewe ulikuwa unapiga deki.

Wapo wakaidi wasioufuata mwongozo huu, na ni haki uwajue ili uwaepuke. Mkaidi hakai kimya mpaka katikati ya ghuba ndipo aanze kulia. Anasema mapema, mlango wa gari ukiwa bado wazi: "Bosi, kuendesha naendesha. Hii mashine sijafundishwa, siishiki. Tumpigie nani?" Kero kubwa ni hilo swali la mwisho, maana lina jibu. Mpango wa m-mama, wa kuwasafirisha wajawazito na watoto wachanga wenye dharura, ulijaribiwa hapahapa Sengerema na kule Shinyanga kabla Rais Samia hajauzindua kitaifa Aprili 2022. Namba ni 115, bure. Madereva wa kijamii wa mpango huo hulipwa kwa simu kwa kazi ya kuendesha, na hakuna anayewadai wapachike dripu.

Utasikia watu wakimtaja Majaliwa Jackson, mvuvi aliyewahi kwenye ndege ya Precision Air iliyoanguka Ziwa Victoria, Bukoba, tarehe 6 Novemba 2022. Mbona hakusomea? Kweli, ila kasia analosema aligongea mlango lilikuwa chombo chake cha kila siku. Ziwa hilihili, Mei 21, 1996, MV Bukoba ilipopinduka karibu na Mwanza, waokoaji walitoboa ubavu wa meli ili kuwatoa waliokwama ndani. Hewa iliyokuwa ikiishikilia ikatoka, meli ikazama. Nia ilikuwa safi. Hapo sitanii.

Turudi kwa mkaidi wetu, kwa sababu hata baada ya kukataa hakai mikono mitupu. Anamlaza mjamzito kwa ubavu wa kushoto. Kichanga anakiweka kifuani kwa mama, ngozi kwa ngozi, na kuwafunika kwa khanga. Jeraha linalotoa damu analikandamiza kwa kitambaa safi bila kuchungulia kila dakika. Ile mashine ya kushtua moyo inayojiongoza kwa sauti, akibahatika kuikuta, ataitumia, kwa vile ilitengenezwa kwa ajili ya mtu kama yeye na haishtui mpaka ipime kwanza. Kukataa kwake kuna mipaka, na anaijua.

Wakimwita mwoga, hajitetei. Anaomba jambo moja dogo kabla ya safari: kwenye fomu ya rufaa iandikwe kwamba mgonjwa anaondoka bila mhudumu mwenye mafunzo, saa iandikwe, na aliyeagiza atie sahihi. Nesi wa pili, aliyekuwa hayupo tangu asubuhi, kwa kawaida hupatikana kalamu ikiwa bado mkononi mwa bosi.