Vyuo Viwili Vidogo, Ukoo Mmoja Mkubwa

Chuo cha Grinnell kiko jimbo la Iowa, Marekani, katikati ya mashamba ya mahindi. Macalester kiko St. Paul, makao makuu ya jimbo la Minnesota. Cha kwanza kilianzishwa mwaka 1846, cha pili 1874. Vyote viwili hujikita katika digrii ya kwanza. Grinnell kina wanafunzi wapatao 1,700 na Macalester kama 2,000, idadi ambayo shule ya sekondari ya kata jijini Dar es Salaam huweza kuifikia bila kujitangaza. Vyote hupokea wageni kutoka pembe zote za dunia na kuwapa ruzuku kwa kuangalia uwezo wa familia. Kwa hiyo hutokea kijana wa Tanga au Kisumu akapokea barua mbili za kukubaliwa, na hapo neema hugeuka kuwa mtihani.

Mtihani wa kwanza ni jamaa. Ukoo wa kawaida unavijua vyuo viwili vya Marekani: Harvard, na kile alichosoma mtoto wa jirani. Grinnell na Macalester havimo. Mjomba huuliza kwa upole kama Harvard walikataa, na mama mkubwa hutoa pole. Kisha suala hupelekwa kwenye kundi la WhatsApp la ukoo, ambako shangazi hupigia kura chuo chenye majani mabichi zaidi kwenye picha. Picha hizo hazimsaidii mtu. Kila chuo huwaonyesha wanafunzi watano wa rangi tano wakicheka juu ya nyasi, na hakuna anayepiga picha ya Januari.

Wanaotaka hoja nzito hutafuta wahitimu mashuhuri. Macalester kinaye Kofi Annan, Mghana aliyehitimu mwaka 1961 na baadaye akawa Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa. Mwenyewe alisimulia jinsi alivyokataa kuvaa vifunika masikio katika baridi ya Minnesota kwa kuviona vibaya, hadi masikio yalipokaribia kuganda. Akaenda kununua vikubwa kuliko vyote dukani. Grinnell kinaye Robert Noyce, aliyehitimu mwaka 1949 na kuwa mmoja wa waasisi wa kampuni ya Intel. Mwaka 1948 Noyce alimwiba mtoto wa nguruwe kwa ajili ya karamu ya bweni, kumbe nguruwe ni wa meya wa mji. Akasimamishwa masomo kwa muhula mmoja. Babu wa Tanga akiisikia habari hiyo, Grinnell kinapoteza kura mbili kwa mpigo, moja ya wizi na moja ya nguruwe.

Fedha ndizo zinazohitaji kalamu na karatasi. Ada, bweni na chakula kwa mwaka vimevuka dola 80,000 katika vyuo vyote viwili, na familia nyingi hutazama ukubwa wa ruzuku badala ya ukubwa wa pengo. Mfano wa kubuni: chuo kimoja kinatoza 86,000 na kutoa ruzuku ya 76,000, kingine kinatoza 82,000 na kutoa 74,000. Ukoo hushangilia 76,000, ilhali chuo hicho kinadai 10,000 na mwenzake 8,000. Barua huwa pia na mstari wa kazi za chuoni, tuseme dola 2,500. Baba huujumlisha kwenye ruzuku, akapiga mistari miwili chini ya jibu, akalala usingizi mzuri. Bili ikifika Agosti, fedha hizo hazimo, kwa kuwa ni mshahara ambao haujafanyiwa kazi bado. Kijana ataupata kidogo kidogo kwa kupanga vitabu maktaba au kuosha sahani, na viza ya mwanafunzi, F-1, humruhusu saa zisizozidi 20 kwa wiki wakati wa masomo. Sehemu ya ruzuku inayolipia bweni na chakula nayo hutozwa kodi, kwa kawaida asilimia 14 kwa raia wa nchi zisizo na mkataba wa kodi na Marekani, Kenya na Tanzania zikiwemo. Mtu hukatwa kodi ya wali ambao hajaula.

Mahali nako kuna mitego. Mji wa Grinnell una watu wasiofika 10,000, hauna treni ya abiria, na uwanja wa ndege wa Des Moines uko mwendo wa karibu saa moja kwa gari. Wazazi huona ni baraka: mtoto atasoma tu, hana pa kwenda. Mama akisikia habari ya mahindi husema angalau ugali hautakosekana; kumbe mahindi mengi ya Iowa ni ya kulishia mifugo na kutengenezea ethanoli. Macalester kiko karibu na uwanja wa ndege na mabasi ya mji. Minneapolis jirani ina Wasomali wengi, basi sambusa hazitafutwi kwa tochi. Baridi haina upendeleo, kote usiku wa Januari huweza kushuka nyuzi 20 chini ya sifuri. Swali la maana zaidi ni la Desemba: wakati wa likizo bweni na jiko hubaki wazi? Mwenye kwao Des Moines atakwenda kwao. Mwenye kwao Mwanza anahitaji jibu kabla ya theluji.

Majibu ya namna hiyo hupatikana kwa kuongea na wanafunzi walioko huko, na mazungumzo hayo hupangwa kwa saa za Marekani. Mwezi Aprili, saa moja jioni ya Iowa ni saa tisa usiku Dar es Salaam. Kijana hujifunika shuka na simu yake, akinong'ona kuhusu bima ya afya, na mama akipita mlangoni huamini amepata mchumba.

Mwisho wa kuamua kwa kawaida ni tarehe 1 Mei. Chuo kilichochaguliwa huthibitishiwa, na kilichoachwa huandikiwa barua ya mistari mitatu, ambayo wengi huionea haya wakajibu "nitawajulisha" hadi Juni, huku wakimnyima mwingine nafasi. Kinachofuata ni fomu ya I-20 kutoka chuoni, ada ya dola 350 ya SEVIS, mfumo wa Marekani wa kufuatilia wanafunzi wa kigeni, na foleni ya viza ubalozini, ambako afisa huweza kuuliza kwa nini mwombaji amekichagua chuo hicho. Mwombaji anashauriwa kutaja masomo na ruzuku, na kumwacha shangazi nje ya maelezo.