Kisu Hakiji Peke Yake

Mtu anayekusanya visu hutambulika kwa mkono wa kushoto. Ukimtazama vizuri utaona kati ya kifundo na kiwiko pana kiwanja kitupu, hakuna laika hata moja, ilhali mkono wa kulia una malaika yake kamili. Ndipo anapojaribia makali. Ukishanoa, unalowesha ngozi kidogo, unapitisha kisu taratibu, na malaika yakianguka bila kukwaruza unajua kazi imekamilika. Kisu kinachofuata kinataka mahali papya, basi kiwanja kinapanuliwa. Shangazi yangu alipouona mkono huo kwenye hitima aliniita pembeni, akaniuliza kwa sauti ya chini ilianza lini, na kabla sijajibu akachomoa mkobani dawa ya mapunye. Nikaipokea na kumshukuru. Ukweli ungemsikitisha zaidi. Mapunye angalau yana tiba.

Watu hudhani tatizo ni visu. Visu vyenyewe havina neno. Kisu kinaingia nyumbani kama mama mkwe aliyesema anakuja kusalimia tu: kesho yake anauliza mto, keshokutwa mpwa wake anabisha hodi, na wiki haijaisha ukoo mzima umetandika sebuleni. Mke wangu akifungua kabati huniuliza vyote hivi ni vya nini, na mimi humjibu kwa moyo mweupe kwamba hakuna hata kimoja nilichojinunulia. Kila kitu kimenunuliwa kwa ajili ya kitu kingine.

Kilichofungua mlango ni kisu cha kukunja kutoka Ufaransa, Opinel namba 8, nilichokiokota kwenye rundo la uma na vijiko vya mtumba pale Karume, Dar es Salaam. Muuzaji alianzia elfu tano, tukaachana kwa elfu tatu, na kila mmoja aliondoka akiamini amemuibia mwenzake. Visu hivi vilianza kutengenezwa na Joseph Opinel mwaka 1890 huko Savoie, kwenye milima ya Alps. Bapa lake limepigwa nembo ya mkono wenye taji, mpini ni wa mti mtupu, na shingoni pana pete ya chuma inayozungushwa ili kisu kisijikunje na kukukata vidole. Pete hiyo iliongezwa mwaka 1955. Unaona? Mtu ananunua kisu cha elfu tatu, kabla hajafika nyumbani ameshaanza kusoma historia ya pete.

Sasa, mti wa Savoie haukuumbwa kwa ajili ya masika ya Dar. Unyevu ukipanda mpini unavimba, unalibana bapa, na kisu hakifunguki hata ukitumia meno. Wenyeji wa huko wanayo mbinu yao: unagonga kitako cha mpini mahali pagumu, bapa linachungulia, unalishika na kulivuta. Mbinu nzuri sana, ila mahali pa kuitumia pachaguliwe.

Mimi niliitumia kwenye kikao cha kamati ya harusi. Katoni ya maji ilikuwa imefungwa nailoni, wajumbe wanahangaika nayo kwa kucha, na moyo wa mwenye kisu ukiona nailoni hautulii. Nikakitoa. Kikagoma. Nikageuza kitako, nikagonga meza: ngo, ngo, ngo! Mwenyekiti, aliyekuwa katikati ya bajeti ya mapambo, akanyamaza. Ukumbi mzima ukanigeukia. “Naona mjumbe ana jambo,” akasema. Nikasimama, kisu nimekificha nyuma. Aliyesimama kwenye kamati ya harusi ana sentensi moja tu anayoruhusiwa kuisema, nayo lazima iwe na tarakimu. Nikaongeza ahadi yangu. Yakapigwa makofi, mwekahazina akaniandika kwa wino, na katoni ikafunguliwa na kijana mmoja kwa ufunguo wa pikipiki.

Kisu cha elfu tatu, basi, kilinigharimu laki na ushee. Lakini hilo si gharama ya kisu, ni mchango wa harusi, na ndivyo nilivyoliandika.

Kuna mwenye busara atakayeuliza kwa nini nisinunue kisu kisichoshika kutu. Vipo. Tangu Harry Brearley wa Sheffield alipochanganya chuma na kromi mwaka 1913, dunia nzima ina visu vinavyong'aa. Ila wakusanyaji wana imani yao, na moja ya nguzo za imani hiyo ni kwamba chuma cha zamani, kile chenye kaboni na bila kromi ya kutosha, ni chepesi kunoleka. Ni kweli. Ni chepesi vilevile kushika kutu, na Dar tuna upepo wa bahari wa bure saa ishirini na nne. Kikatie ndimu ukisahau kukifuta, jioni kina madoa meusi. Kwa hiyo lazima kipakwe mafuta. Mafuta ya cherehani yanafaa, lakini hayaliwi. Mafuta ya nazi yanaliwa, nayo nyumbani kwetu yalikuwamo tayari, katika kichupa cha binti yangu cha nywele. Kwa muda mrefu tulikula maembe yenye harufu ya saluni, hadi mwenye kichupa alipochora mstari kwa kalamu pale mafuta yalipoishia.

Tukaja kwenye kunoa. Mama yangu hunoa kisu kwenye kitako cha kikombe cha udongo, pale chini ambapo hapakupakwa rangi ya kung'aa. Anapitisha mara chache, kwa hasira kidogo, na kitunguu kinakatika. Mbinu hiyo haina kasoro yoyote, na ndiyo maana haifai: hakuna cha kununua. Mkusanyaji hutaka mawe ya Kijapani. La namba 1000 la kuweka makali, la namba 6000 la kuyalainisha. Kadiri namba inavyopanda ndivyo punje zinavyokuwa ndogo na bei inavyokuwa kubwa. Wahenga walisema mwenye kisu kikali ndiye alaye nyama. Hawakusema lolote kuhusu mwezi ule wa kununua jiwe la 6000, ambao nyumbani kwetu ulikuwa wa dagaa.

Jiwe lenyewe, jamani, linakunywa maji. Mengi ya aina hii hulowekwa kwanza, mpaka mapovu yaache kutoka. Siku ya mgao ndani mna ndoo moja, na baba mwenye nyumba ameizamishia kinoo. Sitaeleza yaliyosemwa siku hiyo. Kisha jiwe likitumika linabonyea katikati, na jiwe lililobonyea halinoi sawasawa, basi unahitaji jiwe la kunyooshea jiwe. Hapo ndipo niliposimama dukani na kujisikia nikimwambia muuza duka, bila aibu, kwamba natafuta jiwe la kuchongea jiwe la kunolea kisu. Akaniuliza kisu ni cha kazi gani. Nikasema cha kukatia maembe.

Baada ya mawe huja ngozi, kwa kuwa makali ya mwisho hukamilishwa kwa kupapasa kisu juu ya ngozi. Mkanda wangu wa suruali ulikwenda kwa njia hiyo. Ngozi ikishaingia ndani unajiuliza kwa nini kisu hakina ala. Fundi viatu wa mtaani kwetu alinishonea moja nzuri, na nilipomtazama akivuta uzi wake wenye nta nikaona hii nami naiweza. Nikanunua sindano, nta na ngozi nusu futi. Ala niliyoishona mwenyewe ina sifa moja: kisu kikiingia hakitoki.

Na ukishaweza kunyoa mkono, unabaki hatua moja tu kufika usoni. Nikapata wembe wa kukunja, ule waliokuwa nao vinyozi wa zamani. Nilikwenda kazini na vipande vya karatasi ya chooni kidevuni, bosi akaniuliza kama nyumbani kuna amani. Nilipomwomba mke wangu pole, alisema neno moja tu ambalo wazee walilisema kabla yake: mtoto akililia wembe, mpe.

Tochi ilikuja kwa sababu ya umeme. Mimi hunoa usiku, wakati watoto wamelala na hakuna wa kuniuliza maswali, na usiku ndio wakati umeme unapopenda kukatika. Mnoaji hawezi kufanya kazi gizani; lazima auone ule unyuzi mwembamba wa chuma unaojikunja upande wa pili wa makali, ndio unaomwambia ageuze kisu. Simu ingetosha. Sikutaka itoshe. Nikaagiza tochi inayotumia betri ya 18650, yenye kipenyo cha milimita 18 na urefu wa milimita 65, na kwa kuwa betri hizo zimo ndani ya betri nyingi za laptopu za zamani, shemeji yangu alianza kuficha yake kila nilipomtembelea. Usiku wa kwanza nikaijaribu kwenye minazi ya nyuma. Mwanga ukaifikia, ukaipita, ukaingia chumbani kwa jirani. Vijana wa ulinzi shirikishi walifika na filimbi, wakataka kujua ninatafuta nini juu ya minazi ya watu saa saba usiku.

Kalamu za wino nitazipita upesi, maana shati langu jeupe halijazisamehe. Saa pia. Nina saa inayojijaza kwa mtikisiko wa mkono, na nisipoivaa siku kadhaa inasimama, hivyo nimewahi kuonekana sebuleni nikitikisa saa nyingine mkononi ili isijisikie vibaya.

Ninayemlaumu kwa dhati ni Tim Leatherman. Mmarekani huyu alizunguka Ulaya mwaka 1975 na Fiat chakavu iliyomharibikia njiani, akawa na kisu cha mfukoni lakini hana plaizi. Badala ya kununua plaizi, alikwenda kubuni kifaa kimoja chenye vyote viwili, na mwaka 1983 kikaanza kuuzwa. Kule kwao sawa. Sisi huku gari likizima, hujafungua mlango mafundi wameshaingia uvunguni, kila mmoja na spana yake. Kifaa chake ninacho, kinaning'inia kiunoni, na tangu nikivae nimefungua nacho soda. Nyingi, lakini soda.

Basi mtu akishavijaza vitu hivi vyote anahitaji begi la kuvibeba, na begi likishapatikana lina mifuko ambayo bado ni mitupu, na mfuko mtupu ni aibu. Siku moja nilikuwa nikimsalimia Mmasai anayelinda maduka karibu na ofisi, mzee mpole, mimi na begi langu mgongoni linalonivuta nyuma. Nikamwangalia kiunoni. Sime ndani ya ala nyekundu. Rungu. Tochi. Simu kwenye kijimfuko cha ngozi. Kikopo cha ugoro. Kila ambacho mimi nilikihangaikia na kukiundia bajeti, yeye alikivaa asubuhi bila kufikiri, na wala hakuwahi kukiita burudani. Sime nyingi hufuliwa kutoka kwenye tupa au mapanga yaliyokwisha kazi, au springi za gari. Nikamuuliza yake ilitokana na nini. Akaniambia alipewa na baba yake. Swali la chuma halikumgusa kabisa.

Lakini aliyenipa kazi ya kufikiri ni kijana mmoja wa soko la samaki la Feri. Nilikuwa nimempa changu wangu amtengeneze. Kisu chake kilikuwa kimenolewa miaka na miaka hadi bapa likabaki na wembamba wa kidole, mpini umefungwa kwa mpira wa tairi la baiskeli. Alipara magamba, akapasua tumbo, akatoa matumbo na mashavu, akachanja ubavuni mistari iliyolingana, yote hayo huku akibishana na mwenzake kuhusu Simba na Yanga. Katikati akasimama, akakipitisha kisu kwenye ukingo wa saruji wa meza, huku mara mbili, kule mara mbili, akaendelea.

“Kaka, chuma gani hicho?” nikamuuliza.

“Chuma cha kisu,” akasema.

Nikamtolea kisu changu, kilichopita 1000, kikapita 6000, kikapapaswa kwenye mkanda. Akakigeuza, akajaribu makali kwa kidole gumba, akakata pezi. Akatikisa kichwa kwa heshima. “Kizuri hiki, mzee. Cha kumenyea chungwa.” Akakifuta, akanirudishia, akadai elfu moja yake.

Nyumbani, kisu cha jikoni ni kile cha mpini wa plastiki ya manjano, na ni marufuku kukigusa. Niliwahi kukinoa kwa nia njema. Mke wangu, aliyezoea kukata nyanya kwa kuzikandamiza, alikandamiza, na kachumbari ya siku hiyo hatukuila. Tangu hapo hukificha ndani ya pipa la unga. Yeye huniuliza kama mambo haya yana mwisho, na mimi humwambia yanao, tena unajulikana: mwaka 1897 Opinel walikuwa na saizi 12, kuanzia namba 1 hadi namba 12. Nikizikamilisha, nimemaliza. Kilichobaki ni kidogo. Tatizo ni kwamba namba 1 na namba 11 ziliacha kutengenezwa zamani sana, kwa hiyo dukani hazipo. Ndiyo maana namwomba msomaji: ukipita Karume, Memorial ya Moshi, au popote panapomwagwa uma na vijiko vya Ulaya, pekua mpaka chini. Ukikuta mkono wenye taji na namba 11, hata kama kimeoza kwa kutu, usipunguze bei mbele ya watu. Kinunue, tutaelewana. Kutu si tatizo, mawe ninayo.