Sifa za Babu Aitwaye Juma

Mnazi umesifiwa, jahazi limesifiwa, ng'ombe wa maziwa amesifiwa, na wanasiasa wametupunguzia kazi kwa kujisifu wenyewe. Aliyebaki bila wa kumsemea ni Juma. Sisemi Juma fulani. Nasema jina lenyewe, lile lililotulia mwishoni mwa majina ya Watanzania wasiohesabika, kwenye kitambulisho, kwenye cheti cha darasa la saba na kwenye daftari la wadaiwa la duka la mtaani. Kila anayeitafuta nasaba yake akakuta njia imezibwa na babu aitwaye Juma huishia kulilaani. Mimi ni mjukuu wa mmoja wao, na leo nasimama kulitetea.

Nianze kwa kuwapa pole wasio na bahati yetu. Mtu akizaliwa Mazrui hana pa kujificha. Ukoo wake ulitawala Mombasa mpaka 1837, Sayyid Said, mtawala wa Oman na Zanzibar, alipowang'oa, na baadaye Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui akakaa chini akaiandika historia hiyo. Maskini Mazrui wa leo, akitaka kujigamba barazani kwamba babu yake alikuwa jemadari, lazima aangalie kwanza kama hakuna mtu aliyesoma kitabu. Mjukuu wa Juma hana kero hiyo. Babu yake anaweza kuwa nahodha, mganga au askari wa Mjerumani, hata vyote vitatu kwa kupokezana, na hakuna karatasi itakayombishia.

Tena ana ndugu wa kuchagua. Juma Ikangaa aliyeshinda marathoni ya New York 1989, na kushika nafasi ya pili Boston miaka mitatu mfululizo, ni wetu. Profesa Calestous Juma wa Harvard, Mkenya, ni wetu. Profesa Ibrahim Juma aliyekuwa Jaji Mkuu wa Tanzania ni wetu vilevile, ingawa sijawahi kusikia kesi ya ndugu zake ikiisha haraka kuliko ya wengine. Hawa watatu hawana uhusiano wowote wa damu unaojulikana. Sisi hatujali.

Siri ya Juma iko kwenye ufundi wake. Fomu zinatudai jina la ukoo, nasi tunaandika jina la babu kwa sababu pameachwa nafasi. Ndivyo tulivyozoea: jina lako, la baba, la babu. Ali wa Juma wa Hamisi ni Ali Juma Hamisi. Mwanawe Ali huyo akizaliwa, Hamisi anateremshwa kama abiria aliyefika kituo chake, na garimoshi la ukoo linaendelea bila yeye. Lingekuwa hilo tu, mtafutaji angerudi nyuma kituo kwa kituo. Lakini ipo desturi ya pili, nayo ndiyo iliyompa Juma ufalme: kifungua mimba wa kiume hupewa jina la babu mzaa baba. Juma akamzaa Ali, Ali akamzaa Juma, Juma akamzaa Ali. Miaka mia moja imekwenda kwa majina mawili. Ukikuta "Juma Ali" kwenye karatasi kuukuu isiyo na tarehe, huenda ni babu yako, huenda ni babu wa babu yako, huenda ni binamu yako aliyekukopa mwezi uliopita na hajaonekana. Wakikuyu nao, kwa desturi yao ya kumpa mtoto wa kwanza wa kiume jina la babu mzaa baba, wamepata raha hiyohiyo kwa akina Kamau na Mwangi, kwa hiyo nisidai kwamba sifa hii ni ya pwani peke yake.

Sasa mpe mzee Juma watoto wanne wa kiume: Ali, Saidi, Hamisi na Rashidi. Kila mmoja, kwa heshima ya mzee, anamwita mwanawe wa kwanza Juma. Ua mmoja una Juma watano, na wanne kati yao wana Juma mbele na Juma nyuma. Bibi anawaita wajukuu wote "mume wangu", kwa utani wa bibi na mjukuu, basi hata yeye hasaidii. Ndani ya ua hapaharibiki kitu. Yupo Juma Mrefu, yupo Juma Baiskeli, yupo Juma wa Mama Zuhura, na yupo Juma Kimya ambaye hanyamazi. Akija karani na daftari lake, lakabu zote zinaachwa nje pamoja na viatu. Anaandika: Juma, Juma, Juma, Juma. Anamaliza mapema, anakunywa chai, anaondoka.

Hapa ndipo ninapomvulia Juma kofia. Kila serikali iliyopita juu ya ardhi hii ilimtaka Juma kwa jambo fulani: mabega yake, mikono yake au senti zake. Wajerumani walileta kodi ya nyumba kabla karne ya 19 haijaisha, Waingereza wakaja na ya kwao, na hata sisi wenyewe tulikuwa na kodi ya maendeleo mpaka ilipofutwa 2003, wanamgambo wakiwasubiri wanaume njiani asubuhi. Dhidi ya nguvu zote hizo Juma alikuwa na silaha moja, nayo haikuwa yake, ilikuwa ya majirani. Mtu mgeni akifika kijijini akamuulizia, wazee walimkaribisha kwa adabu, wakampa kigoda, kisha wakamuuliza: "Juma yupi?" Sijui silaha nyingine nyepesi hivyo iliyowahi kupigana na dola.

Waliokuwa na mabega hawakuponea hapo, kweli. Vita vya 1914 mpaka 1918 vilimeza wapagazi kwa maelfu, na Kariakoo ya Dar es Salaam bado imebeba jina la kikosi chao. Sanamu ya Askari iliyozinduliwa mjini humo 1927 inawakumbuka askari na wapagazi kwa jumla, bila jina la hata mmoja. Babu yangu mkuu yumo pale. Nathubutu kusema hivyo kwa sababu hakuna awezaye kuthibitisha kwamba hayumo. Wasafiri wa Kizungu wa zamani zaidi walisumbuka vivyo hivyo na akina Uledi na Mabruki. Mmoja wao amebaki vitabuni kama Mabruki Speke, amebandikwa jina la bwana aliyemtumikia ili asichanganywe na wenzake. Ukoo mzima wa Kiingereza kapewa.

Lakini aliyemkuza Juma kuliko wote ni mkonge. Mmea huo nasaba yake inajulikana barabara. Mwaka 1893 Dakta Richard Hindorf aliagiza miche elfu moja kutoka Florida. Ikapita Hamburg, ikafika pwani yetu ikiwa hai 62, ikapandwa karibu na Pangani, na kutokana na hiyo 62 yakaenea mashamba yaliyoijaza Tanga na kwingineko. Mche unajulikana ulikotoka, aliyeuagiza, bandari ulizopita na ndugu zake waliokufa njiani. Mkata mkonge je? Alitoka Kigoma, Songea, Urundi au ng'ambo ya Ruvuma. Kuanzia 1944 wenye mashamba walikuwa na ofisi yao ya kuajiri, SILABU, iliyowasomba watu kutoka mikoa ya mbali. Waliandikishwa kwa namba, wakaitwa manamba. Mtu alishuka kambini na jina refu alilopewa na shangazi zake, jina lenye mvua ndani yake, au njaa, au ugomvi wa wakwe. Nyapara alijaribu mara moja likamshinda. Kufika mwisho wa mwezi alikuwa Juma, na watoto aliowazaa hapo kambini hawakuwahi kulisikia lile la kwanza.

Shangazi yangu ametunza kipande kimoja cha babu kwenye kopo la biskuti, chini ya kitanda, pamoja na hirizi na risiti ya redio. Ni kadi ngumu iliyokuwa ya rangi fulani kabla mafuta ya taa hayajaimwagikia. Ina vyumba 30, kimoja kwa kila siku ya kazi. Mwenye kadi alilipwa vyumba vyote vikishajaa, hata ikichukua miezi miwili. Vya babu vimekatwa kwa kalamu mpaka cha 27. Namba iko wazi kabisa, imeandikwa kwa mwandiko wa mtu aliyejua kwamba namba ndiyo inayolipwa. Penye jina pana neno moja: Juma. Baba yake hakuulizwa. Ukoo wake haukuulizwa. Vyumba vitatu vimebaki vyeupe, na hivyo ndivyo ninavyovitazama zaidi, kwa sababu ni hapo tu ambapo mzee alikuwa anafanya mambo yake mwenyewe.

Wapo watakaoniambia kwamba siku hizi mambo yamenyooka. Yamenyooka sana. Cheti changu cha kuzaliwa kinasema Ali, cha shule kinasema Ally, na kadi ya kliniki ilisema Aly, kwa hiyo mbele ya sheria nilikuwa watu watatu wanaoishi chumba kimoja. Dawa yake ni kiapo: unakwenda kwa wakili, unaapa kwamba wote hao ni wewe, unalipa, unagongewa mhuri. Wenye mihuri wa nchi hii, kama wana shukrani, wangemchangia Juma sanamu ya peke yake, na nyingine ndogo kwa Hamisi ambaye akivuka bahari kwenda Unguja anageuka Khamis. Serikali yenyewe imekubali yaishe. Namba ya kitambulisho cha taifa ina tarakimu 20, nane za mwanzo zikiwa tarehe ya kuzaliwa. Mjukuu wa manamba naye ana namba. Ya babu ilikuwa fupi tu.

Liko jambo moja ambalo hata mimi mtetezi siwezi kulipamba. Katika mpango wetu wa majina matatu, bibi hana kiti. Juma anakaa mwishoni mwa majina ya wajukuu wake wote, mkewe aliyewazaa baba zao haandikwi popote. Ujanani aliitwa binti fulani, alipozaa akawa mama fulani, alipokufa wakaandika "marehemu bibi". Nilidhani upungufu huo haumhusu Juma, mpaka nilipokaa na shangazi jikoni akichambua mchele na kumuuliza habari za Juma mmoja wa kambini. Aliuliza, kama kawaida, "Juma yupi?" Kisha, kabla sijajibu, akajijibu: "Yule wa Mwanaisha, au yule wa Mwanahamisi aliyekuwa anauza vitumbua?" Hakutaja namba, hakutaja kabila, hakutaja mwaka. Aliwapanga akina Juma wote wa kambi ile kwa wake zao, mmoja mmoja, bila kuinua macho kwenye ungo, na hakuwachanganya hata wawili. Majina ambayo hakuna karani aliyeyaandika ndiyo pekee yanayomfichua Juma. Kwa hiyo ikiwa kweli tunataka kuulinda usiri wake, tuendelee kutowauliza wazee wa kike chochote. Hadi sasa tunafanya vizuri.

Fadhila ya mwisho ya Juma niliiona kwenye mirathi. Babu aliacha shamba la minazi, ekari moja na nusu. Ili Mahakama ya Mwanzo imthibitishe msimamizi wa mirathi, lazima ukoo ukae kikao, muhtasari uandikwe, waliohudhuria watie sahihi. Tulikaa chini ya mwembe tukiwa ndugu kumi na mmoja. Chai ya pili ikiwa bado jikoni, akaingia bwana mmoja mpole aliyevaa kanzu safi, ametoka Kilosa, naye babu yake ni Juma, naye alikata mkonge, naye aliacha mke Pangani. Akafuatiwa na dada wawili wenye maelezo hayohayo na machozi zaidi. Nani angewakatalia, na kwa hoja gani? Kadi ilisema Juma. Na wao walisema Juma. Kikao kilifungwa kwa dua tukiwa ndugu kumi na wanne, na yule bwana wa Kilosa ndiye aliyechaguliwa katibu kwa sababu ya mwandiko wake mzuri. Niambie ni jina gani la kisultani linaloweza kuzalisha ndugu watatu kwa alasiri moja.

Nawe msomaji, ikiwa babu yako aliitwa Juma, alikata mkonge upande wa Pangani, na mkewe aliitwa Mwanaisha, nakusalimu kwa damu na kwa heshima zote, na nakuomba ubaki hukohuko uliko. Shamba halijaongezeka, na minazi inayozaa imebaki tisa.